Dhamana ya Maisha: Mjadala juu ya Kiwanda cha Detekta Sahili

Mnamo mwaka 1980, katika mji wa Prescott, jimbo la Arizona, Marekani, bwana mmoja aitwaye Jack Gifford alianzisha kiwanda cha kuunda detekta, yaani vyombo vya kutafutia metali iliyofukiwa ardhini, akakiita Tesoro; na kwa muda unaokaribia miaka 40 kiwanda hicho, ambacho wanawe nao walikuja kukiendesha, kiliwauzia watu wa nchi nyingi chombo chepesi ambacho aghalabu hakikuwa na kioo cha maandishi wala tarakimu, bali kilitoa mlio kilipopita juu ya metali na kikanyamaza kilipokuwa juu ya udongo mtupu. Mwaka 2018 kiwanda kikafungwa. Waliokitumia chombo hicho hawakukishitaki kwa ubovu, na wengi wao wangali wanakitumia hata leo, lakini sifa hizo zote hazikutosha kuufungua mlango wa kiwanda kwa siku moja zaidi.

Habari ya jinsi kazi njema inavyoweza kukosa riziki si habari ya Wamarekani peke yao, kwa kuwa kila pwani na kila bara pana fundi aliyejaliwa mkono hodari akanyimwa soko. Nimeona vyema basi niziweke hoja za jambo hili katika vinywa vya watu watatu, Fundi wa redio, Tajiri wa duka la vifaa, na Mchimbaji mdogo wa dhahabu kutoka Chunya, kila mmoja aseme kwa kadiri ya ujuzi wake, kisha nami niseme langu.

FUNDI: Naomba nianze na chombo chenyewe, maana sisi mafundi hatuhukumu kitu kabla hatujakifungua. Chukueni ile detekta ndogo ya Tesoro iitwayo Compadre. Uzito wake ni kama kilo moja, betri yake ni moja ya volti 9, na juu ya kisanduku chake pana swichi moja tu ya kuzungusha, ambayo mwanzo wake huwasha chombo, na kadiri uizungushavyo ndivyo chombo kizidivyo kuzikataa metali duni, kwanza msumari wa chuma, kisha karatasi ya aluminiamu, kisha vifunguo vya makopo. Mwisho wa mpini pana sahani, na ndani ya sahani nyaya zilizoviringishwa. Waya mmoja hupitishwa umeme unaokwenda na kurudi mara 12,000 kwa kila sekunde, umeme huo ukazaa nguvu ya sumaku iingiayo ardhini, na nguvu hiyo ikikuta kipande cha metali huamsha umeme mdogo ndani yake, nao huo mdogo hurudisha jibu linalopokewa na waya wa pili. Jibu la chuma huchelewa kwa namna moja na jibu la fedha kwa namna nyingine, na juu ya tofauti hiyo, ambayo ni ndogo mno, ndipo ilipojengwa sanaa nzima ya kubagua. Sasa sikilizeni mlio. Ukipitisha sahani juu ya kipande cha bati lililooza, mlio huja umekatika-katika, wenye kingo mbovu, na ukirudi kwa upande wa pili haufanani na ule wa kwanza. Lakini juu ya sarafu mlio huja mviringo, huanza polepole, hujaa, hupungua, na huwa ule ule kwa kwenda na kwa kurudi. Mwenye mazoea hutambua kwa sikio kabla hajainama, kama mvuvi ajuavyo kwa kidole ni samaki gani aliyeugusa mshipi. Chombo hiki hakimpi mtu jibu lililokwisha kupikwa. Humpa habari yote mbichi, kikamwachia akili yake. Nami nasema kuwa kilichoondoa riziki ya kiwanda kile ni uvivu wa wanunuzi, waliotaka kuambiwa badala ya kujifunza.

TAJIRI: Bwana Fundi, maneno yako ni matamu na sehemu kubwa yake ni kweli, ila umewatukana watu wasiostahili tusi. Mnunuzi asimamaye mbele ya meza yangu hana sikio ulilolisifu. Sikio hilo hupatikana baada ya misimu mingi ya kuchimba misumari, naye bado hajachimba hata mmoja. Ndani ya duka hamna udongo. Hawezi kupima mlio mviringo wala mlio uliokatika. Awezacho kupima ni kile anachokiona, na anachokiona ni kioo chenye tarakimu upande huu na swichi moja upande ule. Akiuliza, «Hiki kioo kitaniambia nini?» ninalo la kumjibu; akiuliza, «Na hiki kisicho na kioo?» ni lazima nimweleze kwa saa nzima yale uliyotueleza wewe, na mwisho wa saa hiyo bado ananitazama kwa shaka. Si uvivu huo, bwana wangu. Ni tahadhari ya mtu aliyekusanya akiba yake kwa taabu.

FUNDI: Nami nitakujibu kwa hujja isiyohitaji kioo. Mwaka 2009, katika shamba moja karibu na kijiji cha Hammerwich, Staffordshire, Uingereza, mtu mmoja aliyekuwa na detekta iliyokwisha kutumika miaka 14 alifukua hazina kubwa kabisa ya dhahabu ya enzi ya Waanglo-Saksoni iliyopata kuonekana, vipande maelfu, mapambo yaliyong'olewa kwenye panga, misalaba iliyokunjwa, na waliokabidhiwa kazi ya kuithamini wakaikadiria kuwa paundi milioni 3.285. Chombo kikuukuu kile kilikuwa kimepitwa na vingapi madukani? Na hazina haikukataa kuonekana nacho.

TAJIRI: Haikukataa kwa sababu ilikuwa karibu na uso wa shamba lililokuwa limelimwa, jembe limekwisha kuipandisha. Chombo chochote kizima kingeilia. Umetuletea bahati ya mtu na ukaiita sifa ya chombo.

Hapo nasimama kidogo, kwa kuwa Tajiri amesema haki, japokuwa ameisema kwa ukali. Mwaka 1881, Rais Garfield wa Marekani alipopigwa risasi na madaktari wakashindwa kuijua ilipo mwilini, Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, aliunda kwa haraka chombo cha kuitafuta kwa mlio, akakijaribu, kikafanya kazi. Lakini kilipopelekwa kitandani pa mgonjwa kikalia pasipo pake, kwa kuwa godoro lilikuwa na springi za chuma, na daktari mkuu hakumruhusu kutafuta isipokuwa ule upande aliouamini yeye. Rais alifariki Septemba ya mwaka huo huo, na risasi ikaonekana upande mwingine. Tangu siku hizo, basi, thamani ya chombo cha namna hii haijakaa ndani ya chombo peke yake. Imegawanyika baina ya chombo, mtu anayekishika, na kitu ambacho kinalala chini au kando yake. Yeyote anayehukumu chombo bila ya kuuliza habari ya udongo atahukumu nusu.

MCHIMBAJI: Ahsante, mwandishi, maana nimekaa kimya nikingoja neno hilo la udongo. Wazee wangu wote wawili mmezungumza habari za mashamba ya Wazungu na za meza ya duka, na hakuna aliyenitazama miguu, na miguu yangu ni myekundu. Sisi wa Chunya, katika uwanda wa Lupa ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1920, twatembea juu ya ardhi iliyojaa chuma chake yenyewe. Ukileta pale detekta ya mtetemo mmoja, hiyo ya mara 12,000, ardhi yenyewe huijibu. Hulia juu ya udongo, hulia juu ya mawe meusi yenye chuma, na ukipunguza nguvu ili inyamaze, hunyamaza kwa dhahabu pia. Hapo sikio la Bwana Fundi, hata liwe hodari namna gani, litasikiliza nini? Habari yenyewe haikufika.

FUNDI: Chombo kizuri husawazishwa na ardhi kwanza.

MCHIMBAJI: Husawazishwa, mzee wangu, na nakubali. Lakini ile ndogo uliyoisifu ilisawazishwa kiwandani mara moja, huko huko Arizona, na mchimbaji hana swichi ya kuigeuza. Nazo zilizokuwa na swichi hiyo, ukizisawazisha hapa, hatua kumi mbele udongo umebadilika. Ndiyo maana Waaustralia, ambao ardhi yao imefanana na yetu kwa wekundu na kwa ukaidi, waliifuata njia nyingine. Kampuni ya Minelab, iliyoanzishwa Adelaide mwaka 1985, ilitoa mwaka 1995 mashine ya SD2000, ambayo haipeleki umeme unaogeuka taratibu. Hupiga umeme kwa mapigo mafupi, hukata, kisha husikiliza nini kinabaki baada ya pigo. Mwitiko wa udongo hupotea upesi, mwitiko wa dhahabu hukaa kidogo zaidi, na mashine husikiliza katika pengo hilo. Wachimbaji wa Sudani walizinunua kwa wingi mashine za aina hiyo baada ya mwaka 2010, nasi huku tunazijua. Sasa, Bwana Tajiri, nakuomba usifurahi mapema, maana neno langu linalofuata ni lako. Hizo mashine za mapigo, ambazo bei yake humfanya mchimbaji aungane na wenziwe watatu au wanne ndipo wainunue, aghalabu hazimwambii mtu kwa tarakimu kwamba hii ni dhahabu na hii ni risasi. Unasikiliza mlio, na ukisikia unachimba, ikiwa ni kipande cha panga la zamani ni shauri lako. Nimefanya kazi kutwa nzima juani kwa kulifuata sikio langu na sikuangalia kioo chochote. Hivyo hatununui kioo. Twanunua kile kilicho matumboni mwa mashine, kiwezacho kutenga ardhi na kilichomo ardhini.

Maneno haya ya Mchimbaji, kwa maoni yangu, yamewahamisha wenzake wote wawili kutoka walipokuwa wamesimama. Fundi alidhani kuwa ugomvi ni baina ya sikio na kioo, na Tajiri naye alidhani hivyo hivyo, ila kila mmoja alichagua upande wake. Kumbe palikuwa na ugomvi mwingine chini yake, ugomvi wa elimu ya sumaku na umeme, ambao kwao kioo ni pambo tu. Mwaka ule ule wa 2018 ambao Tesoro ilifungwa, Minelab ilileta sokoni detekta ya Equinox, ya bei ya dola 899 kwa ile kubwa, ambayo hupeleka mitetemo mingi kwa wakati mmoja, ikalinganisha majibu yake, na hivyo ikaweza kutembea juu ya mchanga wa ufukweni uliolowa maji ya chumvi, mahali ambapo chombo cha mtetemo mmoja hubabaika kwa sababu maji ya chumvi nayo hupitisha umeme. Huzama majini hadi mita tatu bila ya kudhurika. Na kubwa kuliko yote, tabia yake imeandikwa kwa programu, kwa hiyo waundaji wakigundua kosa au hila mpya huiandika upya na mwenye chombo akaichukua kwa kompyuta yake nyumbani. Fundi wa Prescott, ambaye tabia ya chombo chake imo katika mpangilio wa vipande vilivyolehemiwa juu ya ubao, alipotaka kubadili jambo alilazimika kuunda ubao mwingine. Hapo hapana cha kulaumiwa kwa mnunuzi.

FUNDI: Nimelisikia la udongo na nimelikubali, maana lina ushahidi. Lakini si watu wote waishio Chunya, wala si wote watafutao pwani. Wako maelfu watembeao katika bustani na viwanja vya kawaida kutafuta sarafu na pete, ambao chombo cha bei ya chini ya dola 200 kingewatosheleza maisha yao yote. Na nasema maisha kwa kusudi, kwa sababu kiwanda kile kilimpa kila mnunuzi wa kwanza dhamana ya maisha: kikiharibika, kirudishe, kitatengenezwa. Nani mwingine katika zama hizi anayesimama hivyo nyuma ya kazi yake? Mimi niliposoma habari hiyo niliona fahari kuwa fundi.

TAJIRI: Nami niliposoma niliona hesabu, na hesabu ile ilinisikitisha, wala sisemi hivi kwa kebehi. Mtu amenunua chombo mwaka 1990. Faida ya kiwanda ilipatikana siku ile, ikalipa mishahara ya siku ile, ikaisha. Mwaka 2015 chombo kimerudi kwa posta. Fundi aketi, afungue, atafute kipande ambacho hakiuzwi tena kwa urahisi, atengeneze, arudishe, na hapana senti iliyoingia kwa kazi hiyo. Mteja amefurahi, na kwa kuwa amefurahi hanunui kingine. Kila chombo kizuri kilichouzwa kimepunguza mnunuzi mmoja na kimeongeza mzigo mmoja. Wenzao walifanya kinyume. Walitoa chombo leo na kipya zaidi kesho kutwa, na yule wa jana akauza cha zamani kwa nusu ya bei ili anunue kipya, na hicho cha zamani kilichouzwa kwa nusu ya bei kikaja kushindana na cha kwao Prescott kilicho kipya. Hilo watu husahau: mshindani mkali wa mtengenezaji wa bei nafuu si mtengenezaji mwingine wa bei nafuu; ni chombo bora kilichotumika.

MCHIMBAJI: Na vya bandia usivisahau.

TAJIRI: Na vya bandia. Hata Minelab wenyewe waliumizwa na mashine za kughushiwa zilizoletwa Afrika kwa jina lao, ila wao walikuwa na uwezo wa kupigana, kwa sababu tangu 2008 ni mali ya Codan, kampuni kubwa ya Adelaide. Nyumba ya baba na wanawe ingepigana kwa fedha gani?

FUNDI: Basi unasema kwamba wangeweka vioo na programu wangesalimika?

TAJIRI: Hapana, na hapa nitajitolea ushahidi dhidi ya nafsi yangu. White's, kampuni ya Sweet Home, Oregon, ilianza mwaka 1950, ikatengeneza vyombo sahili na vyombo vyenye vioo vya rangi na tarakimu za kila namna. Mwaka 2020 nayo ikafunga, na mali yake ikanunuliwa na Garrett. Kioo hakikuwaokoa. Na Garrett wenyewe, ambao walianza Texas mwaka 1964, hata leo wanauza detekta za bei nafuu ambazo mtoto anaweza kuziwasha. Vipi wao wakasimama? Kwa sababu wana mlango wa pili. Ile milango ya ukaguzi ambayo abiria na watazamaji hupita kwa usalama, Garrett wameiunda tangu walipochaguliwa kulinda Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Siku ambayo watafuta sarafu hawanunui, serikali na viwanja vya michezo vinanunua.

Sasa nami nitasema niliyoahidi kusema. Nimemsikia Fundi, na moyo wangu uko kwake, kwa kuwa chombo kinachomfundisha mtu kusikia kina hadhi ambayo chombo kinachomjibu tu hakina, na dunia inayopoteza mafundi wa namna ile inapungukiwa maarifa wala haijui. Lakini insafu hainiruhusu nihukumu kwa upande wake. Usahili haukushindwa Prescott. Usahili ungali unauzwa Texas, na sikio lingali linatumika Chunya. Kilichoshindwa ni nyumba ndogo, yenye bidhaa ya namna moja, iliyokuwa ikingojea riziki yake kutoka kwa wateja wale wale iliokwisha kuwatosheleza, ilhali imejifunga kwa ahadi isiyo na mwisho ambayo haikutengewa fungu la fedha, na ilhali elimu ya kutenga udongo na metali ilikuwa ikisonga mbele katika maabara ambazo nyumba hiyo haikuwa na rasilmali ya kuzijenga. Sababu hizi tatu zilishikamana, na hakuna mojawapo niwezayo kuiita dhambi. Dhamana ile ilikuwa tendo la muungwana. Ila tendo la muungwana linahitaji mlipaji, na mlipaji alikuwa ni mnunuzi ajaye, ambaye hakuja. Siku kiwanda kilipofungwa dhamana ikafa pamoja nacho, na watu waliokuwa na karatasi yake wakabaki na karatasi.

Fundi aliniuliza, baada ya maneno haya, kama basi kijana wa kwetu mwenye ujuzi wa umeme aache kabisa fikira ya kuunda detekta, kwa kuwa Waaustralia na Wamarekani wamekwisha kutangulia. Nilimwambia asiache, na Mchimbaji aliniunga mkono kwa nguvu kuliko nilivyotazamia. Mashine za Adelaide ni nzuri, alisema, lakini zikiharibika katikati ya msimu hapana mtu wa karibu wa kuzifungua, na sahani ikipasuka au waya ukikatika hungojwa kipande kutoka ng'ambo, na huku kundi zima la watu waliochangia bei limekaa bure. Yeye angemlipa kwa hiari, kila msimu, fundi aliye umbali wa safari moja ya basi ambaye anaweza kumrudishia chombo kesho yake.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa kijana huyo, popote alipo, Tanga au Mwanza au Mbeya. Aanze na udongo wa Lupa na wa Geita kabla hajanunua hata waya, aupime ajue unajibu vipi, kwa sababu chombo kilichosawazishwa kwa ardhi ya Arizona hakitamfaa jirani yake. Ajifunze kuandika programu mapema kama ajifunzavyo kulehemu. Na siku atakapoandika bei ya chombo chake, aandike kando yake bei ya kukitunza mwaka kwa mwaka, ailipishe bila ya kuona haya, ili mteja wake wa mwaka wa kumi amkute mlango wake uko wazi.